Masomo ya afya kwa simu: mgonjwa aingie darasani, silabusi peke yake haitoshi

Katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, mwanafunzi wa afya amezoea kuhesabu miaka yake ya masomo kwa mapigo kuliko kwa kalenda ya shule. Machi 2020 shule na vyuo vya nchi nzima vilifungwa kwa miezi kadhaa kwa sababu ya Covid-19. Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka na sehemu kubwa ya watu wa Goma wakahama. Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia Goma, katikati ya Februari vikafika Bukavu, na kambi za wakimbizi wa ndani zilizouzunguka mji wa Goma zikavunjwa mwezi huo wa Februari. Kila mara masomo yalipovurugika, kitu kilichokuwa kigumu zaidi kurudisha ni kilekile: nafasi ya kukaa karibu na mgonjwa, kumwangalia, kumsikiliza, na kufikiri juu yake pamoja na mwalimu.

Jibu la shule mara nyingi limekuwa moja. Mwalimu anapiga picha kurasa za silabusi, au anatuma faili kwenye kundi la WhatsApp. Mwanafunzi ananunua mega ili aipakue, anaisoma usiku kama umeme upo, kisha anangoja mtihani. Hayo ndiyo yanaitwa masomo kwa mtandao. Kwa kweli ni silabusi ileile iliyokuwa ikiuzwa darasani. Imla ya ubaoni imegeuka imla ya simu.

Iko njia bora zaidi, na inakula mega chache kuliko faili hiyo. Ni kujifunza kwa visa vya wagonjwa: wanafunzi wanapewa mgonjwa mmoja kwa vipande vidogo vidogo, wanaulizwa watafanya nini, wanabishana, wanajibu kwa sababu, na mwalimu anawasahihisha. Shule za ITM na vyuo vya ISTM vya mashariki vinapaswa kuifanya njia hii kuwa ya kila wiki, hata siku ambazo barabara ziko wazi na milango ya darasa imefunguliwa. Visingoje vita vingine ndipo viikumbuke.

Jambo hili si la walimu peke yao. Linawahusu wazazi wanaouza mbuzi au shamba ili walipe minervali. Linazihusu hata zaidi familia zilizokimbia, kwa sababu watu watakaowapokea kwenye kituo cha afya mara nyingi hawatakuwa madaktari. Vituo vingi vya afya vya vijijini Kongo vinaongozwa na muuguzi. Anayetazama damu kwenye mikroskopu ni mtu wa labo. Anayempima mtoto mkono ni mtu wa lishe. Anayemfundisha kijana aliyekatwa mguu kusimama tena ni mtaalamu wa viungo. Hawa hawasifiwi sana, lakini wakikosea, daktari aliye kilomita 60 kutoka hapo hana habari ya kurekebisha.

Chukua mfano huu, ambao mwalimu yeyote wa lishe anaweza kuutunga. Siku ya Jumatatu wanafunzi wanapata ujumbe mfupi: mtoto wa kike wa miezi 18 ameletwa kituoni na bibi yake. Wamekimbia kijiji chao wiki sita zilizopita, wanaishi kwa jamaa. Mkanda wa kupima mkono umeonyesha milimita 118. Swali: utamweka wapi?

Aliyekariri silabusi anajibu haraka. Chini ya milimita 115 ni nyekundu, utapiamlo mkali. Kati ya 115 na 125 ni njano, utapiamlo wa wastani. Kwa hiyo mtoto huyu ni wa njano, apewe tarehe ya kurudi. Jibu limetoka kwenye kitabu, na hesabu yake ni sahihi.

Jumanne kinakuja kipande cha pili. Bibi anasema: «Mashavu yake yamejaa, watu wananiambia ananenepa. Lakini hachezi tena. Ukimgusa analia.» Swali: kuna kitu gani hukukitazama jana? Hapo ubishi unaanza. Mmoja anauliza kama mtoto ana homa. Mwingine anauliza anakula nini. Wa tatu, ambaye shangazi yake alilea watoto wengi, anauliza habari za miguu. Jumatano mwalimu anajibu: ukibonyeza kwa kidole gumba juu ya miguu yote miwili kwa sekunde tatu, shimo linabaki. Mtoto amevimba maji. Kuvimba miguu yote miwili kwa namna hiyo kunamweka mtoto moja kwa moja kwenye utapiamlo mkali, hata kama mkanda unaonyesha njano. Ni ugonjwa ambao watu wa Bushi wanaujua tangu zamani kwa jina la bwaki, na ambao watafiti wa Lwiro, si mbali na Bukavu, waliufuatilia kwa miaka mingi.

Alhamisi swali linasonga mbele: je, mtoto huyu arudi nyumbani na chakula cha tiba cha karanga, au aende hospitali kulazwa? Hapo mwanafunzi anajifunza kuangalia kama mtoto ana hamu ya kula, kama ana homa kali, kama anatapika kila kitu, kama amelegea, uvimbe umefika wapi. Kwa siku nne mwanafunzi amepita kwenye njia yenyewe atakayopita kazini. Alikosea siku ya Jumatatu, na kosa lake halikumuua mtu. Hapo ndipo faida ya kisa ilipo: kinampa nafasi ya kukosea mahali ambapo kosa halizikwi.

Njia hii haikuanzia kwenye simu. Chuo kikuu cha McMaster, nchini Kanada, kilipopokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari mwaka 1969, kiliacha kuwajaza mihadhara na kuwapa matatizo ya wagonjwa wayatatue katika vikundi vidogo. Tangu hapo shule nyingi za afya duniani zimefuata njia hiyo au zimechanganya visa na mihadhara.

Habari ya pili inafaa zaidi kwa watu wa Kivu. Mwaka 2003, katika jimbo la New Mexico nchini Marekani, daktari Sanjeev Arora alikuwa na shida ambayo wagonjwa wa Walikale au Shabunda wangeielewa mara moja. Wagonjwa wa homa ya ini aina ya C walikuwa wengi, mabingwa walikuwa wachache na wote wako mjini, na mgonjwa wa kijijini alisafiri mbali sana ili apate tiba. Badala ya kuwasafirisha wagonjwa, Arora alisafirisha ujuzi. Kila wiki wahudumu wa afya wa vijijini na wa magerezani walikutana na mabingwa wa chuo kikuu kwa video au kwa simu, kila mmoja akaleta mgonjwa wake bila kutaja jina, wakamjadili pamoja. Utaratibu huo unaitwa Project ECHO. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Kati ya wagonjwa 407 waliofuatiliwa, asilimia 57.5 ya waliotibiwa kwenye kliniki ya chuo kikuu walipona virusi, na kwa waliotibiwa vijijini na magerezani ilikuwa asilimia 58.2. Mhudumu wa kijijini, akijadili wagonjwa wake kila wiki na wanaojua zaidi, alitibu sawasawa na bingwa wa mjini.

New Mexico si Kivu. Kule umeme haukatiki siku tatu na mhudumu analipwa mshahara kila mwezi. Waliofundishwa pia walikuwa tayari kazini. Lakini somo lake linavuka bahari: umbali hauzuii mtu kufundishwa kufikiri vizuri juu ya mgonjwa. Kinachozuia ni kutokuwa na utaratibu.

Tena, mashariki mwa Kongo haina haja ya kuomba visa kutoka nje. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, Ebola iliambukiza watu 3,470 katika Kivu Kaskazini, Ituri na sehemu chache za Kivu Kusini, na ikaua 2,287. Wengi walianza kwa homa, maumivu ya kichwa na uchovu, dalili ambazo katika Beni au Butembo kila mtu angeziita malaria. Kuanzia mwaka 2023, Kamituga ilionyesha sura mpya ya mpox, na Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura ya kimataifa. Goma inaijua kipindupindu tangu 1994. Watu wa labo, wakunga na wauguzi wa maeneo haya wameona mambo ambayo wanafunzi wa Ulaya wanayasoma vitabuni. Ni ajabu mwanafunzi wa Kirotshe kusoma mfano wa mgonjwa wa Brussels, wakati jirani wa shule yake anajua kisa ambacho dunia nzima ingetaka kukisikia.

Kisa cha hapa kina faida nyingine ambayo haizungumzwi sana, nayo ni lugha. Masomo ni ya Kifaransa na mtihani ni wa Kifaransa. Mgonjwa anasema Kiswahili, Kinande, Mashi, Kihunde, Kinyarwanda au Kilega. Mwanafunzi anajua jina la Kifaransa la maumivu ya tumbo la chini, lakini mama akimwambia «kiuno kinanikata» au «baridi imeingia ndani ya mifupa», hajui aandike nini kwenye fishi. Kisa kizuri kinaanza na maneno ya mgonjwa kama alivyoyasema, na mwanafunzi ndiye anayetakiwa kuyapeleka kwenye lugha ya fishi. Silabusi haiwezi kumfundisha hilo, kwa sababu ndani ya silabusi mgonjwa anakuja akiwa amekwisha tafsiriwa.

Upande wa labo, mfano mmoja unatosha kuonyesha jinsi simu inavyoweza hata kulizidi darasa la kawaida. Mvulana wa miaka sita ana homa. Kipimo cha haraka cha malaria kimetoa mistari miwili. Muuguzi anataka kuanza dawa. Mwanafunzi anaambiwa jambo moja zaidi: siku 10 zilizopita mtoto huyu alitibiwa malaria na alimaliza vidonge vyote. Je, labo iandike nini?

Mwanafunzi aliyezoea kuandika «chanya» na kurudisha karatasi ataandika chanya. Aliyefundishwa kufikiri atajua kwamba vipimo vya haraka vinavyotumika sana vinatafuta protini ya kimelea, na protini hiyo inaweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Mistari miwili inaweza kuwa habari ya ugonjwa uliokwisha. Inatakiwa mikroskopu ionyeshe kama kuna vimelea hai, na muuguzi aambiwe atafute pia chanzo kingine cha homa: mapafu, masikio, mkojo, tumbo. Asipoambiwa, mtoto atapewa dawa ya malaria mara ya pili huku nimonia ikiendelea.

Sasa weka swali hilo mbele ya wanafunzi watatu walioko mahali patatu. Mmoja anafanya staji kwenye hospitali ya mjini yenye mikroskopu na umeme. Wa pili yuko kwenye kituo chenye mikroskopu lakini kioo chake kimeota kuvu. Wa tatu yuko kwenye kibanda cha afya karibu na watu waliokimbia, ana vipimo vya haraka tu. Kila mmoja atajibu tofauti, na tofauti hiyo ndiyo somo. Ndani ya darasa moja la mjini ubishi huo usingezaliwa.

Wapo wanaopinga, na hoja zao si za kupuuzwa.

Ya kwanza inasema kazi ya afya ni kazi ya mikono, haifundishwi kwa simu. Ni kweli kabisa. Hakuna ujumbe wa WhatsApp unaoweza kumfundisha mtu kupata mshipa wa mtoto aliyekauka maji, kushika kichwa cha mtoto anayezaliwa, au kumsimamisha mtu kwenye mguu wa bandia. Kisa hakichukui nafasi ya staji hata saa moja, na shule itakayofuta saa za staji kwa kusema «tumefanya visa» itakuwa imewaibia wanafunzi na wagonjwa pia. Lakini kisa kinaandaa mikono. Mwanafunzi wa viungo aliyejadili habari ya kijana aliyekatwa mguu chini ya goti atafika kitandani akijua kosa moja la kukwepa: mto unaowekwa na familia chini ya goti ili kumpunguzia maumivu. Wanamwekea kwa upendo, lakini goti likizoea kukunjwa litakauka limekunjwa, na mguu wa bandia hautamfaa vizuri. Mjini Goma, ambako kituo cha Shirika la Umoja kinahudumia watu waliokatwa viungo, mwanafunzi anayefika akijua hilo tayari anaanza kusaidia siku ya kwanza.

Hoja ya pili ni pesa. Mega ni ghali, na si kila mwanafunzi ana simu ya kugusa. Wasichana wengi wanatumia simu ya kaka au ya baba, na wanaipata usiku tu. Hoja hii ni nzito, na ndiyo inayotakiwa kuamua kisa kiandikwe namna gani. Saa moja ya somo la video inaweza kumeza mamia ya mega. Kisa cha maneno 200 hakifiki hata sehemu ya mia moja ya mega moja. Sauti ya mwalimu ya dakika mbili inabaki chini ya mega moja. Kwa hiyo mashariki inahitaji visa vya maneno na sauti fupi, video iwe ya nadra. Kusiwe na mkutano wa saa nne asubuhi unaomlazimu kila mtu awe hewani, kwa kuwa wakati huo mtandao unaweza kuwa umekatika Masisi na msichana yuko kwenye maji na bidoni. Ujumbe usubiri, mwanafunzi ajibu ndani ya siku yake. Wasio na simu wajiunge na wenzao, watu wanne au watano kwa simu moja, jibu moja la kikundi. Nayo gharama ya mega iwekwe wazi kwenye minervali, isiongezwe kwa mlango wa nyuma kila Jumatatu.

Hoja ya tatu ni ya walimu. Kisa kizuri kinakula muda kukiandika, na kusoma majibu 60 usiku kwa simu ni kazi ngumu. Mwalimu ambaye mshahara wake unachelewa, na ambaye amezoea kupata chochote kwenye silabusi, atauliza anafaidika nini. Anastahili kujibiwa. Saa za kuandika na kusimamia visa zihesabiwe kama saa za kufundisha na zilipwe. Shule zigawane visa: mwalimu wa labo wa Bukavu aandike viwili, wa Goma viwili, wa Bunia viwili, wa Uvira viwili, wote watumie vinane. Kazi ya mwezi inakuwa kazi ya siku chache. Utaratibu wa LMD ambao vyuo vya Kongo vimeingia unahesabu pia kazi anayoifanya mwanafunzi mwenyewe nje ya muhadhara, kwa hiyo visa vina mahali pa kuandikwa. Hakuna haja ya kuvifanya kwa kuibia.

Wengine wanasema wanafunzi watanakili. Watanakili kama swali lina jibu la neno moja. Swali linalouliza «utafanya nini kwanza kwenye kituo chako, na kwa nini» linamsumbua anayenakili, maana kituo cha mwenzake si chake. Tena mtihani wa mdomo wa dakika tano mwisho wa mwezi unatosha kumfichua aliyebebwa.

Iko hatari moja ambayo ni kubwa kuliko zote hizo, na inawagusa watu waliokimbia moja kwa moja. Ni siri ya mgonjwa.

Watu waliokimbia vita katika Kivu wamepigwa picha nyingi mno: wakilia, wakipanga foleni ya chakula, wakizika. Leo mwanafunzi mwenye simu anaweza kupiga picha kidonda, mtoto aliyekonda, au karatasi ya majibu, na kuituma kwenye kundi la watu 100 kwa jina la masomo. Ikishatumwa hairudi. Itafika kwa mtu anayemjua mgonjwa, au kwa mtu anayemtafuta. Katika eneo la vita, kujua kwamba fulani ametibiwa jeraha la risasi kwenye kituo fulani kunaweza kumtia hatarini yeye na muuguzi aliyemtibu.

Kufuta jina hakutoshi. Kwenye mtaa wenye familia 80, ukiandika «mama wa miaka 34 aliyezaa mapacha wiki iliyopita, ametoka Kitshanga», kila mtu amemjua. Kisa cha kufundishia kinatakiwa kibadilishwe umri, mahali alikotoka, idadi ya watoto na siku, mpaka mtu aliyeishi jambo hilo mwenyewe akikisoma asijue ni yeye. Afadhali zaidi kitungwe kutokana na wagonjwa wengi. Picha ya mgonjwa halisi isiingie kwenye kundi la wanafunzi. Visa vya wanawake na wasichana waliobakwa vifundishwe, kwa sababu wahudumu wanatakiwa kujua la kufanya ndani ya saa 72 za kwanza, lakini viwe vimetungwa kabisa, visimamiwe na mwalimu aliyefundishwa, na kamwe visitokane na mtu aliyeko kwenye eneo hilo. Mwanafunzi atakayetuma picha ya mgonjwa aadhibiwe kama aliyefanya kosa la kazi. Mwalimu akituma, aadhibiwe mara mbili.

Kwa wale ambao mtandao hauwafikii kabisa, redio ipo. Mwaka 2020 shule zilipofungwa, Radio Okapi ilipeleka masomo hewani kwa kipindi cha Okapi École. Redio za jamii zinaweza kutoa dakika kumi kwa wiki kwa kisa kilichotungwa: Jumatatu jioni swali, Alhamisi jioni jibu. Mwanafunzi aliyekimbilia kijijini atajibu kwenye daftari lake na kulipeleka siku barabara itakapofunguka. Na mama aliyekaa karibu na redio hiyo akisikia habari ya mtoto mwenye mashavu yaliyojaa na miguu inayobaki na shimo, atabonyeza miguu ya wake. Kisa kilichokusudiwa kumfundisha mwanafunzi kitakuwa kimefundisha nyumba nzima.

Kinachotakiwa basi hakihitaji mradi mkubwa wala kompyuta mpya. Kila sehemu ya masomo, yaani labo, lishe, viungo, ukunga, uuguzi, radiografia, iwe na kisa kimoja kila wiki, cha maneno na sauti, kinachoanza na maneno ya mgonjwa wa hapa. Zoni za afya ziruhusu wauguzi na watu wa labo wazoefu kukaa na walimu ili wasimulie waliyoyaona, baada ya kufutwa kila alama ya mtu. Saa za staji zibaki zilivyo, na zilizokosekana kwa vita zilipwe kweli pindi hospitali zinapoweza kupokea. Kanuni ya siri iandikwe kwa Kiswahili, ibandikwe mlangoni, na mgonjwa aijue kama mwanafunzi anavyoijua.

Wazazi nao wana sehemu yao. Wengi wanaogopa kuuliza shule chochote kwa kuwa hawakusoma mambo ya afya. Lakini anayelipa ana haki ya kujua analipia nini, na hahitaji Kifaransa cha kitabu ili aulize. Mtoto akirudi na simu mkononi akisema amemaliza somo la wiki, aulizwe: «Wiki hii mlimjadili mgonjwa gani, na mlikubaliana afanyiwe nini?» Akisimulia mpaka sufuria ichemke, shule inafanya kazi yake. Akionyesha faili ya kurasa 90 ambayo hajaifungua, mzazi ajue ni karatasi aliyonunua, na aende kumuuliza mkuu wa shule kabla ya minervali ya mwezi ujao.